Jamu Niliyowapa Wakwe wa Atupele

Aibu hii nimeisikia ikisimuliwa na wengine mpaka nimechoka, kila mmoja anaongeza lake, na juzi mama mmoja pale sokoni Tukuyu ameniambia mimi mwenyewe, usoni, bila kujua anaongea na nani, kwamba kuna bibi huko Matwebe aliwalewesha wakwe halafu akacheza ngoma. Sikucheza. Hayo mengine ni kweli, na kwa kuwa ni kweli, afadhali niyaeleze mwenyewe.

Kwanza mjue mimi pombe siijui. Siinywi, siipiki, na anayeinywa akipita mbele ya nyumba yangu akiyumba namfokea mpaka anyooke. (Jirani yangu Gwakisa akitoka kilabuni huzungukia kule kwenye migomba, njia ndefu yenye tope, kwa ajili yangu tu.) Ndiyo maana watu walipopata habari hii walifurahi kama wamechinjiwa ng'ombe.

Mjukuu wangu Atupele, ambaye nimemlea mimi kwa sababu mama yake anafanya kazi mbali, alipata mchumba, kijana mzuri wa Kyimo anaitwa Lusajo, na wazazi wa kijana wakaleta habari kwamba siku ya pili ya Krismasi watakuja kutuona, wakiridhika ndipo watoe posa. Hawa watu wameokoka, na wameokoka sawasawa. Baba yake Lusajo, mzee Ambokile, zamani alikuwa mnywaji wa kutajwa, sasa ni mzee wa kanisa na hataki hata harufu. Tulikuwa tumeshasikia kwamba walipokwenda kumposea kaka yake Lusajo, waliona uani kwa watu mtungi wa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, wakanyanyuka na kuaga kabla hawajakaa vizuri, na binti wa nyumba ile akabaki kwao. Sasa Atupele wangu alikuwa anampenda huyo kijana mpaka anaunguza maharage. Kwa hiyo siku hiyo ilitakiwa iende vizuri, haikuwa siku ya majaribio.

Mimi nikafanya majaribio.

Niliona mandazi kila mtu anapika, chapati kila mtu anapika, nikasema wakwe nitawapa mkate na jamu, jamu ya mkono wangu. Nilikuwa nimefundishwa, akina mama tuliitwa Makandana, dada mmoja akatuonyesha jinsi jamu ya matunda inavyopikwa, akasema matunda na sukari vilingane kwenye mizani, chupa zichemshwe, mifuniko ikazwe. Nikasikiliza vizuri, nikaitikia kwa kichwa, halafu nikafika nyumbani nikafanya ya kwangu. Nilikuwa na pasheni, na ndizi kisukari zilizoiva mpaka zinadondoka zenyewe kwenye mkungu, na nikajiuliza, ndizi yenyewe inaitwa kisukari, sasa sukari nyingine yote hiyo ya nini? Nikatia kidogo, ya kupoza roho. Chupa sikuwa nazo, nikachukua chungu cha marehemu mama mkwe wangu, chungu kizuri cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, chenye shingo nyembamba. Mtaniuliza mama mkwe alikuwa anatengenezea nini humo. Kimpumu. (Najua. Lakini nilikisugua kwa majivu, nikakisuuza kwa maji ya moto, nikakianika kwenye kale kajua tulikokapata.) Nikamimina jamu ikiwa vuguvugu, nikafunga mdomo kwa majani makavu ya mgomba, nikakiweka karibu na mafiga, maana mvua ilikuwa haikatiki na sikutaka jamu ipigwe na baridi.

Ikakaa pale mpaka sikukuu. Nikipita naisikia inanung'unika humo ndani, blu, blu, taratibu, nikasema vizuri, inakomaa.

Sasa kuna jambo la desturi. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Zamani mzee akitokea njiani, binti anaingia majanini mpaka apite. Vijana wa leo wameacha, lakini nyumbani kwangu hatujaacha. Nikamwambia Atupele, "Wakifika wewe unakaa jikoni. Baba mkwe asikuone, wala usimsemeshe."

"Bibi, yule mzee kila wiki anakuja dukani ninapouza. Namuuzia misumari."

"Dukani ni dukani. Hapa ni kwangu."

Akaenda jikoni amenuna, mdomo mrefu kama wa bata.

Wageni wakafika wameloa, mzee Ambokile na mkewe, wanatetemeka, buti zimejaa tope. Tukasalimiana kwa adabu zote, nikawakalisha sebuleni, nikakileta chungu chenyewe nikakiweka juu ya kigoda katikati, waone kwamba hii haikununuliwa dukani. Nikafungua majani. Povu likapanda mpaka mdomoni. Mimi nilikuwa na mafua, pua zote mbili zimeziba, kwa hiyo sikunusa chochote, nikafurahi tu kuona jamu ina afya. Nikachota kwa upawa nikaweka kwenye mkate wa mzee, jamu yote ikateleza ikaishia kwenye suruali. Ilikuwa maji! Sukari kidogo, ndiyo faida yake. Sikutaka kuaibika (sikilizeni hapo, sikutaka kuaibika), nikasema haraka, "Hii ya kwetu ni ya kunywa, baba, ni nzuri kwa baridi," nikajaza vikombe na kuongezea maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Yeyote aliyewahi kuona kimpumu kinavyonywewa anajua kinaongezewa maji ya moto hivyohivyo, kisha kinavutwa kwa mirija. Mimi wala halikunijia kichwani. Upawa nikaupeleka jikoni ukaoshwe, nikarudi kukaa na wageni.

Upawa huo Atupele akaulamba.

Nikasikia, "Bibi! Bibi, njoo mara moja!"

Nikaguna tu. Mkamwana anapiga kelele baba mkwe akiwa sebuleni, nimemlea wapi huyu? Akagonga sufuria. Nikakohoa, kumwonya. Halafu akaanza kuimba, kwa sauti ya pambio la kanisani, "Bibi eee, kimechacha, Bibi eee, wasinywe," lakini mvua ilikuwa inapiga bati na sisi tulisikia sauti tu, maneno hayakufika.

"Mnasikia?" nikawaambia wageni. "Mtoto wa kwaya."

"Ana sauti," akasema mama Lusajo. "Ndaga fijo, asante sana mama, niongeze kidogo. Hii jamu inapasha mpaka magoti."

Nikamwongeza. Mzee naye akasogeza kikombe. Muda si muda akavua koti. Akafungua kifungo cha juu. Akaanza kutusimulia habari ya mbuzi wake aliyeingia kanisani wakati wa matangazo, na mkewe akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, nikawaza moyoni, hawa watu kumbe ni wachangamfu, na watu wanasema ni wakali! Huko jikoni pambio likapanda, sasa lina ubeti wa pili. Nikachota cha tatu.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Atupele akaingia amejifunika kanga kichwa kizima, anatembea kinyumenyume, mgongo kwa baba mkwe ili wasionane, mkono mmoja umenyooshwa nyuma unatafuta kikombe hewani kama kipofu. "Bibi nisamehe, Bibi nisamehe," anasema, na mimi nimesimama nasema, "We mtoto, toka! Toka!" naye anazidi kuja kinyumenyume, akakipata kikombe cha mzee, akakipokonya, akachomoka mbio, kisigino kikagonga kigoda.

Chungu kikaanguka.

Pua zangu zilizibuka palepale. Harufu iliyopanda sebuleni mwangu ilikuwa ya kilabuni siku ya mnada. Povu likatambaa mpaka kwenye buti za mzee wa kanisa. Na barazani kwangu, kumbe watu walikuwa wamejikinga mvua, Gwakisa akiwa mbele, akachungulia dirishani, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Bibi! Imeiva hiyo! Umefungua lini?"

Mwingine nyuma yake akadakia, "Mwambie alete mirija!"

Wakacheka barazani pale mpaka benchi langu likalia. Mimi, niliyewafokea wote mmoja mmoja kwa majina yao. Lakini hiyo wala haikuniuma, kilichoniuma ni Atupele, amepiga magoti pembeni, kanga imemdondoka, uso wote nje mbele ya baba mkwe, analia kwa sababu anajua wale watu wanavyonyanyuka. Na kweli mama Lusajo aliweka kikombe chini, akachukua mkoba wake. Mzee akasimama. Nikasema maneno yote niliyokuwa nayo, ndizi, pasheni, Makandana, majivu, mama mkwe, mafiga, nikaapa kwamba tangu nizaliwe sijapika pombe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama maelezo ya kupika pombe.

Mzee akainama akaokota kigae kimoja, akakinusa, akafumba macho kidogo.

"Mama," akasema, "hiki chungu ulikiosha?"

"Nilikiosha, baba. Kwa majivu."

"Ulikiosha. Lakini hakijaokoka."

Mkewe akajikaza, akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akarudi kukaa. Mzee hakucheka. Akamtazama Atupele kwa mara ya kwanza siku hiyo, wazi kabisa, kitu ambacho kwa desturi yetu si kidogo, na mimi nikainamisha kichwa nikisubiri atuage.

"Huyu mtoto," akasema, "amevunja mwiko ili mimi nisivunje wokovu wangu. Wengine wangenyamaza jikoni wakalinda sifa ya nyumba yao. Mama, mimi nilikuja kutazama nyumba, nimeona mtu. Posa italetwa."

Barazani wakapiga makofi (hakuna aliyewaalika). Mimi nikakaa, kumbe juu ya mkate.

Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa kile kikombe ulichokunywa."

"Viwili," akasema mkewe.

Mzee akavaa koti lake polepole. "Cha kwanza sikujua," akasema.

"Na cha pili?" mkewe akauliza.

"Cha pili nitakiombea."

Basi. Posa imekuja, harusi inapangwa, na Atupele ameacha kuunguza maharage. Mimi nimejiwekea nadhiri: aliyenifundisha kupika kitu akisema tia kiasi hiki, nitatia kiasi hicho, na jamu nitakayokula maisha yangu yote yaliyobaki itoke dukani na kifuniko chake cha bati. Wakwe walipokaa kikao cha kugawana kazi za harusi, mmoja chakula, mwingine viti, mwingine vinywaji, niliuliza mimi nimepangiwa wapi. Wakatazamana. Mama Lusajo akanishika mkono kwa heshima kubwa, akasema, "Mama, wewe utakaa kwenye kiti upokee salamu."

Nimekubali. Nitakaa hapohapo nilipowekwa, na hata chumvi sitaigusa.