Kifaru na Majibu Mazuri

Shemeji yangu waliyemwita Kifaru aliweza kubeba kochi la watu watatu mgongoni, akapanda nalo ngazi peke yake, na akifika juu alikuwa bado na pumzi ya kumtania mwenye nyumba. Alikuwa fundi makochi pamoja na kaka yake, yaani mume wangu. Mimi nilishona vitambaa, na kila asubuhi Kifaru aliniambia kwamba kaka yake aliniokota kwa kukosa miwani. Nami sikumwacha hivi hivi.

Mafundi hawa huweka misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi, mikono yote miwili ikivuta kitambaa. Iliyobaki waliitema koponi, na kopo lilikuwa moja la wote wawili. Midomo ilichubuka, wakapangusa damu, kazi ikaendelea.

Siku moja mume wangu alikwenda kumtolea mama yangu damu ya upasuaji. Damu ikakataliwa: ilikuwa na alama ya homa ya ini aina ya B. Akapimwa tena baada ya miezi sita na alama ikawa ipo pale pale, maana yake kirusi kimehamia mwilini moja kwa moja. Virusi vilikuwa vingi na vimeng'enya vya ini vimepanda. Akaanzishiwa vidonge vya kila siku. Daktari akasema ndugu wa tumbo moja naye apimwe, kwani huenda wote walizaliwa na kirusi hicho, na kama sivyo, basi kopo lile lingetosha kumwambukiza.

Mume wangu alirudi akalitupa kopo.

"Kapime, mdogo wangu."

"Kaka, mgonjwa si anaonekana? Mimi naumwa wapi?"

Miaka ikapita. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa matusi. Mke wake alilia, naye akamwuliza kama anataka kumzika mapema aolewe na tajiri. Sikio la kufa halisikii dawa. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile hasira hunipanda.

Halafu tumbo likaanza kujaa huku mashavu yakiingia ndani. Akasema ni kitambi cha maendeleo. Suruali ilipokataa kufunga na macho yakawa ya njano, tulimkokota hospitali.

Majibu yalipotoka aliyashika yeye. Alizikumbuka namba za kaka yake za mwanzo.

"Umeona?" akamwambia. "Vimeng'enya vyangu viko karibu na kawaida. Vyako vilikuwa juu mara tatu! Mlinisumbua bure."

Akacheka, na mke wake akacheka naye kwa furaha. Daktari hakucheka. Akavuta kiti.

"Vimeng'enya huvuja kwenye damu seli za ini zinapoumia," akasema taratibu. "Ini lako karibu lote limekuwa makovu. Seli za kuumia zimebaki chache. Ndiyo maana."

Akaonyesha majibu mengine: protini iliyoshuka, damu iliyochelewa kuganda, na kwenye picha, uvimbe mkubwa kuliko ngumi. Maji yalikuwa yamezidi unga. Wakampa dawa za maumivu, tukarudi naye nyumbani.

Alikonda hadi nikawa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Alasiri moja mke wake alitoka kuchota maji, tukabaki wawili. Kupitia dirishani tulimsikia mume wangu karakanani akibishana na mteja juu ya rangi ya kitambaa, sauti yake nzito, mzima.

"Shemeji," Kifaru akasema. "Wewe hujawahi kunipamba hata siku moja. Kaka aliponiambia nikapime. Ningekwenda, ningekuwa kama yeye?"

Nilijua jibu. Lilikuwa pale nje likibishana.

"Hapana," nikasema. "Ini lako lilikuwa limeshaharibika. Isingesaidia kitu."

Akashusha pumzi ndefu, uso ukalegea.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa nadhani nimejiua mwenyewe."