Jumapili Nne za Mama Trembath

Mwaka jana chuo chetu cha migodi kilitoa kitabu cha historia yake. Kina picha za wakuu saba, wote wenye ndevu, na ukurasa mzima unaosifu mashine ya kusaga mawe. Loveday Trembath hayumo, hata jina. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda, na kwa kuwa mimi ni injinia mstaafu asiye na la kufanya, nimeamua kumwandika mwenyewe.

Alikuwa mjane wa Kikornishi, wa wale wachimbaji wa migodi waliohamia Marekani kutoka Uingereza, mfupi, mpana, na sauti yake ilifika ghorofa ya juu bila kupanda ngazi. Nyumba yake ya mbao ilikuwa chini kidogo ya chuo, na wanafunzi kumi na wawili tulipanga humo. Meza zilikuwa mbili. Vijana wa mwaka wa pili walikaa karibu na jiko. Sisi wa mwaka wa kwanza tulikaa mlangoni, ambapo upepo wa Ziwa Superior uliingia na kula pamoja nasi. Ndiyo ilikuwa mila. Tulivaa pia vikofia vya kijani vilivyotufanya tuonekane kama vifuniko vya chupa, hatukuruhusiwa kupita mlango wa mbele wa chuo, na kijana wa mwaka wa pili akikuita, "We panya, saa ngapi?" ulivua kofia kwanza ndipo ujibu.

"Mambo yenu hayo siyaingilii," Mama Trembath alituambia siku ya kwanza. "Lakini atakayevunja sahani yangu atakulia kiganjani mpaka Krismasi."

Njia ya kuachana na kofia hizo kabisa ilikuwa moja tu. Kila mwezi wa tano madarasa hayo mawili yalishindana kutoboa mwamba kwa mkono mbele ya mji mzima. Mmoja anapiga nyundo ya ratili nane, mwenzake anashika tindo, ile fimbo ya chuma yenye makali, na kuizungusha kidogo kila baada ya pigo. Dakika kumi, kisha shimo linapimwa. Mwaka wa kwanza wakishinda, kofia zinachomwa palepale. Tangu chuo kianze, hawakuwa wameshinda hata mara moja.

Mwaka wetu, 1894, tulikuwa na Eljas Niva. Alikuwa Mfini wa miaka ishirini na minane, na alikuwa amefanya kazi miaka saba chini ya ardhi katika mgodi wa Anna kabla ya kuja darasani. Sisi wengine tulikuwa watoto wa mjini ambao jiwe tulilijua kwa kujikwaa. Darasa lilimchagua mpigaji kwa kelele na vifijo. Mimi, Everett Lumley wa Detroit, nilichaguliwa kushika tindo kwa sababu wakati wa kura nilikuwa nimekwenda chooni.

Jioni hiyo tulibaki jikoni, Eljas na mimi, tukimfutia Mama Trembath vyombo. Eljas alifuta sahani moja mpaka nikahofia itatoboka.

"Sijawahi kupiga tindo," alisema.

"Acha utani."

"Miaka saba nimesukuma vigari vya mawe. Sisi Wafini tunasukuma. Nyundo ni ya Wakornishi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Walikuwa wanashangilia," alijibu, uso umemwiva. "Na mwamuzi ni Kapteni Uren, msimamizi wa Anna. Nilimwomba nyundo mara tatu. Alisema Mfini na nyundo ni kama ng'ombe na kinanda. Nikijitoa, au nikiharibu mbele yake, atakuwa amesema kweli. Na ndugu zangu wote wa mgodini watakuwepo."

Mama Trembath hakugeuka kutoka kwenye beseni. Mumewe, Jabez, aliyekufa kwa kuangukiwa na mwamba miaka tisa nyuma, ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa wilaya yetu. Hilo tulilijua. Tusilolijua ni kwamba kila Jabez alipojiandaa kwa mashindano, aliyemshikia tindo uani alikuwa mke wake.

"Jumapili," alisema hatimaye. "Saa ya ibada, watu wote wakiwa kanisani. Zimebaki Jumapili nne. Na mnisikilize vizuri, nyie wawili. Watu wangu wakijua nimempa Mfini upigaji wa Jabez, sitapata kwao salamu wala chumvi ya kuazima. Mkifungua midomo nawafukuza na magodoro yenu."

"Mama, si lazima," Eljas alisema.

"Nimeshayavulia maji nguo. Maliza sahani."

Kwa Mmethodisti kama yeye, kukosa ibada halikuwa jambo dogo. Alitangaza kwamba goti linamsumbua. Kisha Jumapili, nyimbo zilipoanza kusikika kutoka kilimani, aliburuta beseni la kufulia hadi kwenye jiwe kubwa nyuma ya banda la kuni, akalipindua, akakaa, akakunja mikono ya gauni lake jeusi na kusimamisha tindo.

"Piga."

Eljas alikuwa na mabega kama mlango wa ghala, lakini aliinua nyundo akaishusha tena. "Mama, nikikukosa nitakuvunja mkono."

"Ukinivunja mkono mtajipikia wenyewe. Piga!"

Alipiga. Naona haya kusema mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, Mama alikuwa akizungusha tindo huku anamkemea. "Unamuua nani? Hii si nyoka! Iache nyundo ianguke kwa uzito wake, wewe ielekeze tu. Magoti yalegeze. Pumua! Bwana huyu anapiga kama aliyeahidiwa kuzikwa jioni."

Jumapili ya pili aliniweka mimi kwenye beseni. Vidole vyangu vilijifunza kabla ya kichwa. Jumapili ya tatu alitufundisha kubadilisha tindo. Shimo likiongezeka kina, tindo fupi lazima itolewe na ndefu iingie, na nyundo isikose pigo. Wengi hupoteza mapigo mawili hapo. Jabez alikuwa na namna yake: kabla ya mabadiliko alitoa pigo moja lililopanda juu kuliko mengine, likakaa hewani kiasi cha kuvuta pumzi, na mshikaji akapata nafasi. Mama aliliita pigo la kungoja. Eljas alipolipata kwa mara ya kwanza, Mama aliinuka, akaenda nyuma ya banda, akarudi macho mekundu.

"Vumbi," alisema. "Rudia."

Siku yenyewe mji ulijaa uwanja wa chuo. Wakornishi walikaa mbele na mikate yao ya nyama na viazi, Wafini walisimama nyuma karibu na uzio. Mpigaji wa mwaka wa pili alikuwa Digory Uren, mpwa wa Kapteni, kijana aliyezaliwa na nyundo. Walianza wao. Dakika kumi baadaye Kapteni alitumbukiza kijiti cha kupimia na kusoma: inchi kumi na mbili kamili. Makofi yakapigwa.

Tulipopanda jukwaani, mtu mmoja mbele aliita, "Mfini, kigari chako umekiacha wapi?" Wakacheka. Eljas alinitazama, nami nikasimamisha tindo.

Sikumbuki dakika za kwanza. Nakumbuka tope la maji ya kupozea tindo likinirukia usoni, na kuhesabu. Alikuwa akipiga kama mtu anayetembea kwenda nyumbani, bila haraka. Kicheko kiliisha kabla ya tindo ya pili. Kila tulipobadilisha, nyundo ilipanda, ikangoja, nami nikavuta, nikatupa, nikachomeka, na pigo likatua bila kupotea. Mara nne tulibadilisha na hatukupoteza hata moja. Nimejenga mitambo mitatu maishani na sijawahi kujisikia mwanamume kama siku ile.

Kapteni Uren alipima. Akafuta kijiti, akapima tena.

"Kumi na mbili na robo."

Darasa letu lilirusha kofia. Lakini Kapteni aliinua mkono, na uso wake haukuwa wa kupongeza.

"Ngoja. Lile pigo linalongoja nimeshindana nalo mara sita, na mara sita likanishinda. Ni la Jabez Trembath. Wewe umeliiba wapi?"

Eljas aliweka nyundo chini.

"Nakuuliza, bwana. Jabez alikufa kabla hujaingia nchi hii. Usiposema ulikolitoa, ushindi siuandiki."

Wafini kule uzioni walikuwa wameacha kushangilia. Nilifungua mdomo, Eljas akanikanyaga mguu. Angepoteza vyote, ushindi, kofia, jina lake mbele ya ndugu zake, na bado asingemtaja. Nilimpenda na kumchukia kwa dakika hiyo hiyo.

"Hakuiba." Sauti ilitoka safu ya mbele, katikati ya wanawake wa kanisani. Mama Trembath alisimama, kofia yake ya ibada kichwani. "Nimempa mimi."

"Loveday," Kapteni alisema, "keti. Goti lako."

"Goti langu ni zima, Thomas. Nilisema uongo Jumapili nne, na Mungu nitaongea naye mwenyewe. Pigo lile lina wenyewe wawili, aliyepiga na aliyeshika. Mwenzangu amekufa, sasa ni langu, na nampa nimtakaye. Andika!"

Bi mmoja kando yake alivuta sketi yake pembeni. Mama aliona, akabaki amesimama. Nilimwonea fahari.

Kapteni aliinama akaandika.

Salamu kweli alizipoteza. Majirani watatu walimpita barabarani tangu siku hiyo kama mti, na wawili kati yao wamezikwa bila kumsemesha. Sitawapamba. Ila Jumatatu iliyofuata, tukiwa mezani, mlango wa nyuma uligongwa. Walikuwepo Wafini sita wa mgodi wa Anna, wamevaa mashati ya Jumapili, wote wasukuma vigari, na mkubwa wao alikuwa amebeba nyundo begani. Alijaribu kusema kitu, Kiingereza kikamkimbia, akaishia kuinyoosha ile nyundo mbele na kujigusa kifua, kama anayeomba kufundishwa.

Mama Trembath aliwatazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Akafuta mikono kwa aproni.

"Vueni buti," alisema. "Nimetoka kudeki."