Pikipiki Uchi ya Donatien

Kimanga nzima, huu mtaa wetu wa kando ya ziwa, inanijua. Uliza ni nani aliyewahi kwenda na pikipiki mpaka Nyakabere mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika jogoo. Watanitaja mimi, na wasiponitaja ni wivu. Shule sikuimaliza, ni kweli. Shule ndiyo ilichoka na mimi. Lakini kwa habari ya pikipiki na ya watu, mimi ni profesa. Ndiyo maana mpaka leo sijui mkwe wangu Donatien alinizungukaje.

Donatien ni Mfuliiru wa Nyakabere, mtoto wa wakulima wa muhogo. Alimwoa Déborah, binti wa dada yangu, na wote wawili wananiita Tonton, yaani mjomba. Ni mtu mrefu, mkimya, anakula polepole na anachekea puani. Vita ya pili ilipoingia bondeni kwao Nyakabere, walikimbilia kwetu Kimanga na godoro na mbuzi wao. Mbuzi wakauzwa, ikatafutwa pikipiki ya kubeba abiria. Nani mwingine wa kumsindikiza kuichagua, kama si mimi?

Kwa muuzaji zilikuwa mbili. Moja kubwa, nyekundu, imevaa plastiki toka mbele mpaka nyuma, na kioo kifuani kama bibi harusi. Ya pili ya kadiri, iko uchi: injini nje, mabomba nje, tangi, kiti, taa moja ya mviringo, basi.

“Hii nyekundu!” nikamwambia. “Ukiipanda hii, hata chifu atatangulia kukusalimia.”

Yeye akachuchumaa mbele ya ile uchi, akaishika mbavu kama anayenunua ng'ombe. “Miye nachukua hii, Tonton.”

“Hii? Haijavaa hata kaputula!”

“Ikiugua, naona penye inaumwa. Na bei yake itaniacha nilale.”

Nikasema kimoyomoyo: Déborah ameolewa na bahili.

Sasa, kwenye njia ya Fizi, kabla hujafika Makobola, wenye bunduki walikuwa wameweka bariyeri ya kufunga njia. Watu wale hawakuiba pikipiki, hapana. Waliazima. Ikishaazimwa, unaiona pikipiki yako ikipita na mtu mwingine juu, unaipungia mkono kama ndugu aliyehamia mbali. Bertrand, mkubwa wa motari, sisi wabeba abiria wa pikipiki wa Kimanga, alikuwa na moja kama ile iliyovaa plastiki. Ikaazimwa. Wengine wakafuata. Yangu mimi niliificha chini ya majani ya mihogo, maana mimi si mjinga. Ya Donatien tu ndiyo ilienda na kurudi kila siku. Hapo ndipo macho ya watu yalipoanza kumwangalia kwa pembeni.

Generose, anayeleta ndagala, vile visamaki vya ziwani, kutoka Makobola, ndiye aliyelisema la watu kwa sauti. “Piki ya Donatien inakufaka palepale, kila safari, mbele ya bariyeri. Anashuka, anaisukuma, anafika kwa wale watu, wanaongea, wanacheka. Kiisha mbele kidogo inawaka. Piki gani iko na akili ya kuchagua pa kufia? Huyu anapelekaka habari!”

Wakati ule neno mpelelezi halikuwa la kuchezea. Likikugusa, unahama au unazikwa. Bertrand akatangaza: Jumapili, baada ya misa, Donatien ajieleze mbele ya motari wote. Akishindwa, pikipiki inabaki kwao, naye na mke wake wanarudi bondeni, kulekule kwenye risasi.

Déborah akaja kwangu na ugali na samaki, na hakugusa hata tonge. “Tonton, hata miye hanielezi. Namuuliza, ananijibu: usichokijua hakitakuponyoka mdomoni. Umwangalie weye.”

Nikala samaki, nikamfikiria huyo mkwe. Nilikuwa nimemwona Déborah na kitenge kipya; pesa ya wapi? Na mtu anayechekea puani, ameficha nini mdomoni? Kesho yake nikapanda nyuma yake, eti naenda kusalimia jamaa Makobola.

Tulienda vizuri, ziwa kushoto, milima kuume. Tulipopita mti wa mkaratusi uliopigwa radi, nikaona mkono wake wa kushoto umeshuka chini ya tangi, kama anajikuna goti. Nikajiambia: ndiyo ishara hiyo! Haukupita muda, injini ikakohoa, ikakata roho. Bariyeri ileee, mbele yetu.

“Tushuke, Tonton. Tusukume.”

Mimi? Nisukume? Nilisukuma.

Mwenye bunduki mmoja akatoka kibandani akicheka. “Weye tena na maiti yako! Leo naipima.” Akafungua tangi, akachungulia: esansi iko. Akapanda, akapiga teke, akapiga tena, jasho likamtoka. Injini kimya. Akaisukumia kwetu kwa kiatu. “Peleka makaburini huko! Na huyu mzee ni wa nini?”

“Ni wa kusukuma, chef,” Donatien akajibu. Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Tulipopita kona, akajikuna tena lile goti, akapiga teke, pikipiki ikaimba. Nikamdaka mkono. “Simama! Una nini hapo?”

Akanionyesha. Ni robine ya esansi, ile inayofungulia mafuta yashuke kutoka kwenye tangi. Anaifunga akifika kwenye mkaratusi, na yale mafuta yaliyobaki chini yake yanamfikisha karibu na bariyeri, basi. Kwenye ile nyekundu niliyomchagulia, robine iko ndani ya plastiki, lazima usimame uingize mkono kama anayezalisha ng'ombe. Kwenye ile uchi iko nje, unaifunga huku unaenda.

“Kwa nini hukusema, mkwe? Watu wanataka kukumaliza!”

“Nikimwambia mmoja, kesho wako wote na dawa hii. Na wale wakisikia, wataifungua wenyewe. Tonton, nakuomba.”

Nikaapa kwa kaburi la mama. Na nilinyamaza mpaka bariyeri ile ilipoondolewa. Leo ndiyo naandika.

Jumapili, Bertrand akasimama. “Jieleze.” Donatien akatazama viatu vyake. Motari wakaanza kunong'ona, Déborah akajifunika uso kwa kitenge. Ndipo mimi nikainuka. “Bertrand, weye si mkubwa? Kesho panda nyuma yake. Ukimsikia anatoa habari, mtufukuze sote wawili. Na kwa kuwa unaenda, unipelekee jogoo wangu kwa jamaa Makobola.”

Yule jogoo nilimchagua mwenyewe. Shetani mwenye manyoya. Njia nzima Bertrand alipigana naye. Hata kama Donatien angejikuna goti kwa jembe, asingeona. Akarudi jioni na kinyesi begani, mikono imechubuka kwa kusukuma.

“Ile si piki, ni mgonjwa,” akawaambia motari. “Wale wanamtukana tu, hakuna habari. Kama ni mpelelezi, basi bwana zake ni maskini kuliko sisi.” Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Donatien akabaki Kimanga, na pikipiki yake ikaitwa Marehemu.

Baadaye kidogo nikauza yangu ya chini ya mihogo, nikanunua iliyo uchi kama yake. Nikaenda kusimama nayo mbele ya Donatien, nikijikuna goti kwa madaha. Hakuchekea puani. Akaiangalia robine, akaniangalia mimi.

“Tonton, jana Bertrand aliniuliza piki za uchi zinauzwa wapi. Ulimwambia nini?”

“Miye? Hata neno!”

Akautazama mdomo wangu kama tulivyokuwa tunaitazama ile bariyeri.