Marehemu Hasindikizi Mtu

Nimelala katika nyumba nyingi za wageni, Tanga, Tabora, Kigoma, na kila mahali mezani kuna daftari linalouliza jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi. Hayo najibu haraka, hata pale ambapo sijui ninakwenda wapi. Hakuna daftari lililowahi kuniuliza kama baba yu hai. Kwa hilo nayashukuru madaftari hayo.

Baba aliyenizaa alikwenda mashamba ya mkonge kwa mkataba nikiwa bado nanyonya, akafia huko. Kilichorudi ni blanketi moja la kijivu. Mwenzake alishuka nalo kwenye lori Makambako, akatembea nalo mpaka kwetu, upande wa Mdandu. Siku ile ile wazee walikaa, wakaamua, na mdogo wa baba akawa baba yetu. Mama alibaki katika nyumba yake, lakini shamba, zizi na sisi watoto wawili, mimi na dada yangu aliyenitangulia, tukawa wa huyo. Kwa Kiswahili cha shule yeye ni baba mdogo. Kwetu hakuna aliyelitamka hilo neno “mdogo”. Kumwita “mdogo” mtu anayekulisha ni kama kumkumbusha kila asubuhi kwamba mtoto anayemlisha si wake. Na kusema “baba yangu amekufa” wakati yeye ameketi pale anachonga mpini ilikuwa zaidi ya utovu wa adabu. Ilikuwa kumwapiza.

Dada alikuwa na akili kuliko mimi, na kuliko watu wengi niliokutana nao baadaye katika kutangatanga kwangu. Alipomaliza shule ya kati ya misheni, alichaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, safari ya siku mbili kwa lori. Siku hizo msichana kuchaguliwa lilikuwa jambo la kutangazwa kanisani. Lakini ada ilikuwa kubwa kuliko mahindi yetu na njegere zetu zote. Njia ilikuwa moja tu, msaada wa Boma. Baraza la wenyeji huko Njombe liliwalipia watoto wachache kila mwaka, na mwalimu wetu akatuletea fomu.

Tuliijaza Jumapili, baada ya ibada. Ulikuwa mwezi wa baridi kali, ukungu umelala mpaka mlangoni, nasi tumeuzunguka moto. Dada akanyoosha mkono aichukue kalamu.

“Barua ya Boma haiandikwi na binti,” baba akasema. “Watadhani nyumba hii haina mwanamume. Mpe mdogo wako.”

“Huyu? Mwandiko wake kama kuku amepita kwenye tope.”

“Hata kuku wa kiume huitwa jogoo,” baba akasema, akacheka peke yake. Kalamu ikaja kwangu.

Jina nikaandika. Kijiji nikaandika. Swali la tatu lilikuwa, “Baba yu hai?” Nikasimama hapo. Dada aliinama kama anayechochea moto, akaninong'oneza, “Andika amekufa.”

“Wanauliza nini?” baba akataka kujua. Yeye hakusoma.

“Wanauliza kama baba yu hai.”

“Aa! Wamwulize jirani, jana nimemfukuzia mbuzi wake kutoka kwenye njegere zangu, alinisikia vizuri sana.”

“Niandikeje, baba?”

“Andika unachokiona.”

Nilimwangalia. Alikuwa na kisu mkononi, vumbi la mti magotini, macho mekundu kwa moshi. Nikaandika, “Yu hai.” Dada akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka. Angesemaje?

Swali lililofuata liliuliza ng'ombe walioko zizini. Baba akasema kumi na mmoja.

“Wanane ni wa watu, tunawafugia tu,” dada akasema kwa sauti.

“Wanauliza wa nani, au wanauliza walioko zizini?”

“Walioko zizini,” nikasema.

“Basi mpeni mtu jibu la swali lake.”

Nikaandika kumi na mmoja. Baba alikuwa na haya ya kusema mbele ya Boma kwamba zizi lake limejaa mali ya wengine. Alitaka dada yangu aende shule akionekana ametoka kwa mtu. Hilo nalijua sasa. Siku ile nilijua tu kwamba paja linaniuma.

Baada ya wiki kadhaa mwalimu alikuja kwa baisikeli. Tulimwona tangu mbali anaisukuma mlimani, hana haraka, na dada akasema, “Mtu mwenye habari njema hupanda baisikeli yake.” Alikuwa anamenya viazi. Mwalimu akatuamkia, “Kamwene,” tukamwitikia, akakaa.

“Baraza limesema baba yake yu hai na ana ng'ombe kumi na mmoja,” alimwambia mama. “Nafasi wamempa mwingine. Nani aliwaandikia hivi? Si baba yao alikufa mkonge?”

“Nani amekufa?” baba akauliza kutoka nyuma ya nyumba.

Mwalimu aliinamisha kichwa, akasema orodha imefungwa, labda mwaka ujao. Dada aliendelea kumenya. Alimenya kiazi kile mpaka kikabaki kama jiwe dogo, kisha akakitia chunguni hivyo hivyo.

Mwaka ujao haukumkuta nyumbani. Kabla ya mvua za kwanza walikuja watu wa posa kutoka Makambako. Mchumba alikuwa na kibanda cha kuuza chai kwa abiria na wapakiaji wa malori. Baba alimwuliza dada kama anamtaka. Dada akajibu, “Shule mnayo nyingine?” Baba akatoka nje. Ng'ombe wawili wakaongezeka zizini, na hao walikuwa wetu kweli.

Zamu yangu ilifika. Nilichaguliwa kwenda sekondari, na safari hii mwalimu alitujazisha fomu darasani. Alitembea kati ya madawati akisema, “Mwaka jana msichana mmoja wa hapa alikosa kwa ujinga wa aliyemwandikia. Jibuni kama Serikali inavyouliza, msijibu kama mnavyozungumza kwenu.” Sidhani alijua kwamba mjinga mwenyewe ameketi mstari wa mbele.

Baba yu hai? Moto haukuwapo, baba hakuwapo, kidole cha dada hakikuwapo pajani. Nikaandika, “Amekufa.” Ng'ombe? “Hakuna.” Haikunichukua hata muda wa kuchovya kalamu mara mbili.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba majina ya waliopewa yalisomwa barazani kwa jumbe, pamoja na maelezo yao, ili mwenye pingamizi aseme. Baba alikuja amevaa koti lake la kanisani. Alisimama mbele kabisa, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba nimepata. Karani akasoma kwa sauti ya kukata, jina langu, kijiji changu, kisha, “Baba amekufa. Hana mali.”

Halafu mtu mmoja nyuma akaita, “Marehemu, kamwene!” Baraza zima likacheka. Hata jumbe alificha mdomo. Tangu siku hiyo kilabuni, kwenye pombe ya mianzi, hawakumwita jina jingine. “Msogezeeni marehemu kiti.” “Marehemu leo ana kiu, mwongezeeni ulanzi.” Hakupigana na mtu. Aliacha tu kwenda kilabuni, kisha akaacha kwenda barazani, na mwishoni hata koti likabaki msumarini siku za Jumapili.

Mimi hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga zizini. Alinipa lile blanketi la kijivu, limefuliwa.

“La baba yako,” akasema.

“Baba, hutanisindikiza mpaka barabarani?”

“Nenda,” akasema, akimkwaruza ng'ombe shingoni. “Marehemu hasindikizi mtu.”

Lori lilisimama Makambako kujaza maji. Dada alikuja na mtoto mgongoni na viazi vya kuchemsha vimefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa amekonda. Aliuliza habari za mama, akauliza habari za baba, kisha akauliza jinsi nilivyojibu lile swali la tatu. Nikamwambia.

Alinitazama mkono, hakunitazama uso.

“Kumbe mkono wako unajua kuliandika hilo neno,” akasema.

Sekondari nilisoma vizuri. Msaada ulikuja kila mwaka bila kukosa, na kila mwaka jalada langu lilionyesha kwamba mimi ni yatima. Nilikuwa darasa la kumi na moja barua ya dada ilipofika. Ilikuwa imetembea siku moja tu, kwa mkono wa utingo aliyemfahamu. Mwandiko wake ulikuwa bado mzuri kuliko wangu. “Baba amekufa,” aliandika. “Safari hii ni kweli. Tunakungoja siku tatu, baridi inaruhusu.”

Nilikimbia ofisini kwa mkuu wa shule. Ruhusa ilitolewa kwa kifo cha mzazi peke yake. Nikamwambia baba yangu amekufa. Alinipa pole, akasimama, akafungua kabati, akalitoa jalada langu ili aandike. Nilimwona anasoma. Nilimwona anaacha kuwa na huruma.

“Baba yako alikufa kabla hujaja hapa,” akasema. “Umeandika mwenyewe. Anakufa mara ngapi?”

Ningeweza kumweleza. Kiingereza nilikuwa nacho. Lakini kumweleza ilikuwa kusema kwamba niliyekuwa nimemwandika amekufa alikuwa hai, na kwamba zizi lilikuwapo, na msaada ungekatwa siku hiyo hiyo. Nilisimama pale nikilipima hilo. Nasema kweli, nililipima. Kisha nikasema, “Samahani, bwana, nimekosea,” nikarudi darasani, na somo lilikuwa jiografia.

Likizo iliponirudisha, dada alinipa chai kibandani kwake. Nilimwuliza walizikaje. Alisema walingoja siku tatu, na ya nne mchungaji akasema haiwezekani tena. Kaburini aliuliza mtoto wa kiume yuko wapi, atupe udongo wa kwanza. Watu wakatazamana.

“Nikatupa mimi,” dada akasema. “Nikatupa mara mbili.”

Nilitaka kumwuliza mara ya pili ilikuwa kwa niaba ya nani. Utingo alikuwa anagonga bodi, lori la Njombe, la kupitia kwetu, linaondoka. Sikupanda. Nilikaa na kikombe changu mpaka likaja la kwenda upande mwingine, nikapanda hilo.