Makoti ya Dubai Yapanda Nyandira

Editha alirudi Morogoro kutoka Dubai na mabegi manne makubwa, na kwa muda mrefu majirani zake wa Kihonda waliamini yamejaa pesa. Yalijaa nguo. Huko alifanya kazi za ndani kwa mama mmoja tajiri ambaye gauni akishalivaa kwenye sherehe moja haligusi tena. Kila kabati lilipojaa, mama yule alimwita: "Chukua hizi, zinanisumbua macho." Editha akachukua. Magauni ya kumetameta, viatu vya visigino vyembamba kama misumari ya bati, mikoba ya ngozi ya Kitaliano, na makoti mazito ya sufu ambayo tajiri aliyanunua kwa safari zake za Ulaya.

Mwanzoni alijaribu kuyatumia. Jumapili moja ya mavuno alikwenda kanisani na gauni la fedha linaloburura, na nusu ya waumini wakasimama wakidhani bibi harusi amewahi. Hakurudia. Kisha akafungua saluni ya kusuka, akaolewa na Severin, dereva wa Canter, lori dogo linaloteremsha mboga kutoka Mgeta, akamzaa Agnes. Mwili nao, ulipokutana tena na wali wa nazi na maandazi, ukagoma kabisa kuingia kwenye zipu za Dubai. Mabegi yakahamia chumba cha pili, yakakaa humo kama wapangaji wasiolipa kodi.

Siku moja Severin akaja na habari. Mama yake, Bibi Yuliana, alikuwa anashuka kutoka Nyandira, kwenye baridi ya milima ya Mgeta, kuja kutibiwa mguu, na angekaa miezi kadhaa.

"Mama Agnes, hicho chumba," alisema kwa upole, "ama alale mama, ama yalale mabegi."

"Nitayauza."

"Wapi?"

Editha akaburuta begi la kwanza hadi saluni.

Alianza na simu. Rehema, msusi wake pale saluni, alivaa mikoba begani mmoja mmoja, akapigwa picha mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya waridi, picha zikapanda mtandaoni. Watu walikuwa wengi mno. "Bei?" "Bei inbox." "Ni orijino au kopi?" "Mbona kama feki?" Mwanamke wa Bukoba alitaka aletewe mkoba hadi mlangoni, aukague wiki moja, ndipo aamue. Mwanaume mmoja aliuliza kama bei ni pamoja na dada aliyeubeba. Rehema alimjibu mwenyewe, kwa maneno ambayo Editha alilazimika kuyafuta haraka kabla wateja wengine hawajayasoma. Mwisho wa yote uliuzwa mkanda mmoja.

Kisha akaenda mjini, kwenye duka la nguo la dada anayeitwa Neema, lenye kioo kikubwa na sanamu za wanawake wasio na vichwa. Neema aliugeuza mkoba wa Kitaliano, akautazama chini, akautazama juu, akaufungua.

"Nembo yake iko wapi?"

"Hapo ndani, kwenye bitana."

"Ndani? Sasa dada yangu, nani ataiona?" Neema alichukua mkoba wake mwenyewe wa kutoka Kariakoo, wenye nembo kubwa kama sahani. "Wateja wangu wanataka hii. Ukiwa ng'ambo ya barabara, unaisoma. Lakini niachie tu mali kauli. Ikiuzwa, nakupigia."

Editha alitazama viatu vilivyopangwa rafuni. Vilikuwa na vumbi la kutosha kuotesha mchicha. Akashukuru, akabeba mkoba wake.

Jumamosi akapeleka begi zima kwa Halidi, muuza mitumba mwenye sauti ya mnada. Halidi hakuuliza nembo. Alilipindua begi juu ya lundo lake, katikati ya jezi za mpira na suruali za jinzi, akapanda juu ya meza, akaanza: "Mbili mbili! Chagua, dada, chagua! Shemeji, mbili mbili!"

"Mbili nini?" Editha alishtuka.

"Buku mbili, sista, elfu mbili. Mzigo unatakiwa utembee."

Editha aliona mkono wa mtu umeshika gauni la hariri, naye akalishika upande wa pili. Mteja akavuta. Editha akavuta. "Nimeliona mimi kwanza!" alisema mteja. "Na mimi nililiona Dubai!" akajibu Editha. Watu walicheka, Halidi akashuka mezani kuamua ugomvi, na dakika hiyohiyo akamuuzia Editha mapazia. Alirudi nyumbani na begi lake zima, na mapazia juu yake.

Bibi Yuliana aliwasili kabla nafasi haijapatikana. Editha alipiga goti, "Shikamoo, mama," huku akiona aibu kwamba mkwe wake atalala kitanda kilichozungukwa na mabegi.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sili nafasi," alisema bibi kwa ile lafudhi ya milimani inayopanda na kushuka. Usiku ule akalala. Asubuhi alitoka chumbani akiwa amevaa koti la sufu, rangi ya kahawa, limefungwa vifungo hadi kidevuni. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi.

"Mama, utazimia!"

"Niache. Hii ndiyo nguo. Zile nyingine nimeziona, ni vitambaa vya kufunikia redio."

Walimbembeleza alivue, akakataa. Alikunywa chai nalo. Hospitali alikwenda nalo, na daktari, kwa mujibu wa Severin, alimpima homa kwanza kabla ya kuuliza habari za mguu. Jioni, akimpepea kwa sahani ya plastiki, Editha aliuliza, "Kwenu watu wangeyavaa haya?"

"Kwetu?" Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua hulowanisha. "Mwezi wa saba sisi tunakwenda shambani na mablanketi."

Editha akamgeukia Severin. Severin akaitazama Canter yake iliyoegeshwa nje, ambayo kila siku ya soko hupanda Nyandira na matenga matupu. Walianza kucheka wote wawili.

Walifika sokoni asubuhi, ukungu ungali umekalia mabega ya milima, wakulima wakishusha karoti na kabichi. Editha alipindua matenga, akatandika makoti juu yake. Alikuwa amejiandaa kueleza habari za sufu ya Ulaya na mafundi wa Italia. Hakuna aliyeuliza. Waliuliza vifungo vimekazwa? Mifuko ni mirefu? Ukiosha linachuja?

Mkulima wa kabichi aitwaye Andrea aliingia kwenye koti jeusi linalofika magotini, akajigeuza polepole kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Mkewe, Scholastika, alimzunguka.

"Umefanana na balozi," alisema.

"Wa nchi gani?"

"Isiyo na deni. Vua, tupatane bei."

Walipatana, kwa kelele na vicheko, na wengine wakasogea. Kabla jua halijapenya ukungu, makoti yalikuwa yamekwisha. Katekista alinunua mkoba mkubwa kuliko yote, akapima vitabu vyake vya nyimbo, vikaingia vyote, zipu ikafunga. Editha alijisikia kama mtu aliyeozesha binti zake wote siku moja.

Kisha Scholastika akaliona gauni jekundu la kumetameta. Lilikuwa gauni alilolipenda Editha kuliko yote. Kule Dubai aliwahi kulijaribu mbele ya kioo mlango ukiwa umefungwa. Scholastika alilipa, akavuka nalo hadi barazani kwa fundi cherehani, na Editha akamsikia akimwambia, "Hapa zinatoka nne. Za wajukuu, za Kipaimara."

Mkasi ukaingia. Editha alifumba macho. Alitaka kukimbia akarudishe pesa, na mguu mmoja ulikwisha kutangulia. Lakini fundi alikuwa mwepesi, na wajukuu wenyewe walikuwa hapohapo wakisubiri, na wa kwanza alipovalishwa kipande kilichoshikizwa kwa pini, alizunguka mpaka vimetameta vikarusha nuru ukutani. Wengine wakapiga makofi, wakigombea zamu. Editha akajikuta anamshikia fundi pini.

Viatu vya visigino havikupata mguu Nyandira. Editha alivitundika, pamoja na mikoba midogo na magauni yaliyobaki, kwenye ukuta wa saluni. Mtu anayesukwa rasta hukaa saa nyingi bila pa kutazama ila ukutani, na wengi hawawezi kumaliza kichwa bila kuuliza bei. Hivyo vikaondoka taratibu, kimoja mwezi huu, kingine ujao.

Mguu wa Bibi Yuliana ulipona, akarudi kwake na koti lake.

Baadaye mama tajiri alituma ujumbe kutoka Dubai kumjulia hali, na akauliza kama lile gauni jekundu lipo bado. Editha alifikiri sana. Kisha akamtumia ukweli: picha ya wale wasichana wanne katika magauni yao mekundu, wamesimama barazani kwa fundi wakitabasamu.

Baadaye vikaja vikaragosi vya kucheka, vingi. Halafu neno moja la mwisho:

"Yule wa kushoto, mkono wa gauni umekatwa vibaya."

Editha aliikuza picha, akaitazama kwa makini. Kweli.