Nilipoacha Kutaja Bei

Kuna msimu mzima wa mvua nilioamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya kidato cha nne, kwamba mtu akitoza pesa kwa kazi ambayo simu inaweza kuifanya bure, anakamatwa. Habari hiyo ililetwa na mama mmoja muuza vitenge anayevuka mpaka wa Kasumulu kila wiki. Alisema ng'ambo ya mto Songwe mwandishi mmoja ameshatiwa ndani, na aliyemshtaki ni akili mnemba yenyewe, bila hata wakili. Angesema mtu mwingine ningecheka. Lakini mama huyu hajawahi kukosea bei ya sukari ya Malawi, nami nikaona anayejua bei ya sukari hashindwi kujua sheria.

Kazi yangu ni maneno. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto watatu, na mara mbili nilimwita mwalimu "mwanangu" kwa bahati mbaya. Tangu hapo nimekaa Kyela mjini na kompyuta moja na printa inayokohoa kuliko babu yangu, nikiandika risala za harusi, wasifu wa marehemu na barua za maombi ya kazi. Nilikuwa natoza kwa ukurasa, kwa sababu ukurasa mmoja ulikuwa unanilia jioni nzima. Akili mnemba ilipoingia kwenye simu yangu, ukurasa ukawa unatoka kabla sijakaa vizuri kitini. Sasa nitoze nini? Uvumi ulinikuta tayari nina wasiwasi. Ukaingia bila hata kubisha hodi.

Nikaacha kutaja bei. Mteja akiuliza, "Kiasi gani?" nachungulia mlangoni kulia na kushoto, kisha nanong'ona, "Wewe sema ndaga tu, inatosha." Ndaga ndiyo asante yetu Wanyakyusa, na watu wa kwetu hawaisemi mikono mitupu. Wa Busale walileta mchele, wa Makwale ndizi, na mmoja wa Ipyana akaleta jogoo aliyewika kila nilipobonyeza herufi. Mchele ulijaa chumbani mpaka panya wa Mbeya wakapata habari. Ila mwenye nyumba hapokei ndizi kwa kodi, wala wino wa printa haununuliwi kwa jogoo.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "hivi wewe unafanya kazi, au unapokea rambirambi za msiba wako mwenyewe?"

"Unataka nifungwe?"

"Nataka ada ya mtoto. Mwezi huu ukiisha hivi hivi, kompyuta tunauza, na wewe unaenda Makwale kupalilia kokoa za kaka yangu."

Nilikuwa nimeshaanza kuifuta vumbi kompyuta kwa ajili ya mnunuzi, ndipo mtendaji wa kata akasimama mlangoni. Moyo ulinidunda ukasikika Matema.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Zamani, mheshimiwa," nikasema.

Akacheka, akaketi juu ya gunia la mchele. Baba yake alikuwa amepona ugonjwa mrefu, na Jumapili kulikuwa na ibada ya shukrani. Mzee mwenyewe alitaka historia yake isomwe na mke wa mtendaji, mwalimu wa shule ya msingi.

"Risala nimeandikiwa na simu. Nzuri kabisa. Tatizo mke wangu hawezi kuisoma."

"Macho?"

"Macho mazima. Jina la baba limetajwa kuliko la Mungu."

Nikaelewa papo hapo. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Wengine wameshalegea, lakini katika nyumba ile mama mkwe alikuwa bado analinda mwiko huo. Walikuwa wamejaribu kuweka "mzee" kila penye jina, ila ndani ya historia kulikuwa na wazee watatu, ikawa haijulikani aliyeugua ni nani na aliyeuza ng'ombe ni nani.

Nilikwenda kwao. Mchana mzima nilikaa jikoni na yule mwalimu, mama mkwe akisikiliza toka barazani. "Humu ndani unamwitaje?" nikauliza. Akainama, akasema, "Mwenye Shamba la Juu." Hilo simu ingelijua wapi? Nikaiambia, ikaandika upya kwa kufumba na kufumbua. Nikasoma kwa sauti, mama mkwe akanisimamisha mahali pawili, "Hapo hapana, mwanangu," tukarekebisha.

Jumapili mwalimu alisoma akiwa ameielekea kwaya, asikutane macho na mkwewe, na kila aliposema Mwenye Shamba la Juu mzee aligonga fimbo sakafuni kwa furaha mpaka nikahofia kanisa.

Baadaye, kwenye wali na samaki mbasa, mtendaji akaniuliza, "Haya, kazi yako kiasi gani?"

Nikatazama kulia na kushoto. "Sema ndaga tu."

"Ndaga nimeshaisema kanisani. Nauliza bei."

Nikaona huu ndio mtego wenyewe. Uvumilivu ukanishinda, nikamwaga yote: vitenge, Kasumulu, mwandishi aliyefungwa. Mtendaji akauacha mfupa wa samaki sahanini.

"Ndugu yangu, hakuna sheria hiyo."

Nilishusha pumzi, nadhani Ziwa Nyasa lote likapata mawimbi. "Hata ng'ambo?"

"Hata ng'ambo. Simu iliniandikia bure, na mke wangu akashindwa kusoma. Wewe umekuja, umekaa na mama, umeuliza. Hiyo ndiyo kazi, itoze. Hakuna anayekamatwa kwa kutoza. Ila ukitoza, toa risiti."