Sanduku la Klorini Lisilo na Mlango

Mvua imenyesha usiku kucha, na asubuhi hii ziwa pale Baraka lina rangi ya chai ya maziwa. Immaculée Mlebinge amesimama mbele ya sanduku la chuma, amelizibia njia kwa mwili wake mzima. Mkononi ana sahani nyeupe ya bati yenye ua jekundu katikati.

"Leo hakuna mwenye atabonyeza," anawaambia wanawake waliopanga bidoni zao, madumu ya maji. "Munichongee kwa bureau ya shirika, mi niko hapa."

Kazi yake ni kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu vya kipindupindu, katika maji ya kunywa yanayochotwa ziwani. Aliianza vita vilipoteremsha watu kutoka Lubondja na ufuko huu ukajaa mahema. Walikuwa wanawake sita, kila mmoja na bomba lake la sindano la kupimia dawa. Ukileta bidoni, wanamimina maji kidogo kwenye sahani. Ua likionekana vizuri, dozi ya kawaida. Ua likipotea, bidoni inawekwa chini udongo utuame, maji yanachujwa kwa kitenge, kisha dozi inaongezwa.

Halafu likaja sanduku. Shirika lililowaajiri lilisema binadamu huchoka na hukosea, mashine haichoki. Kweli, haichoki. Unabonyeza, matone ya klorini yanadondoka ndani ya bidoni, taa ya kijani inawaka. Maji yawe maangavu, matone yaleyale. Yawe tope, matone yaleyale. Wenzake watano walirudishwa nyumbani. Yeye alibakizwa apanguse vumbi kwenye paneli ya jua.

Taa ndiyo inayompandisha hasira, na nani atamlaumu? Taa ile haisemi maji ni salama. Inasema tu kwamba matone yametoka. Lakini hakuna aliyejisumbua kuwaeleza watu. Ufukoni wakazoea kusema maji "imeiva" wakiona kijani, na vitenge vya kuchujia vikarudi kiunoni.

"Zainabu alikuwa anachuja maji tangu usichana yake," anasema Immaculée. "Siku ya mvua kama hii akaona kijani, akabeba. Nikamwambia angoje. Akanicheka, eti we Mama Imma unaonea mashine wivu."

Zainabu, mama yake Nadia na mke wa mchuuzi wa samaki aitwaye Safari, alifia kwenye kituo cha kipindupindu siku ya pili. Wiki hiyo mtaa wao ulipeleka wagonjwa tisa.

Immaculée alimfuata Albert, fundi wa shirika, akamtaka aongeze matone. Albert alilizunguka sanduku akilipapasa, kisha akalipiga teke.

"Mama, haina hata mlango," alimwambia. "Mi balinifundisha kubadilisha betri tu. Dozi baliifungia kule kwenye baliitengeneza."

Immaculée alipopeleka malalamiko, ofisi ilijibu kwamba sanduku linafanya kazi sawasawa, na atakayeliingilia ataachishwa kazi.

"Sawasawa," anarudia Immaculée, na kutema mate mchangani. "Benye kuitengeneza balifikiri ziwa iko na rangi moja mwaka muzima. Na mi balifikiri niko kitambaa ya kupangusia."

Foleni inanung'unika. Mwanamke mmoja analalamika kwamba anachelewa shambani, na mwingine anamwambia Immaculée apishe, asiwaletee maneno yake na bureau.

Ndipo anapofika Safari na bidoni yake. Tangu mazishi ya mkewe hajakanyaga hapa. Anapita kando ya sanduku bila kulitazama, anamimina maji kwenye sahani, na wote wawili wanainama. Ua halionekani.

"Weka chini, baba Nadia," anasema Immaculée kwa sauti ya chini. "Tungoje."

Safari anatua bidoni na kukaa juu ya jiwe. Nyuma yake, yule mwanamke anayechelewa shambani anaguna, kisha anatua yake.

Immaculée hataki sanduku livunjwe. "Siku ziwa iko safi, inasaidia, inapumzisha mikono. Mi nataka baiwekee mlango, na ufunguo ikae hapa Baraka, kwa mutu mwenye kuona maji. Na ile taa baizime."

Jumatatu atawaita wenzake watano warudi na sindano zao, ofisi ipende isipende. Anajua anaweza kufukuzwa kabla ya hapo.

"Bakinifukuza, nitakuja tu," anasema, akiipangusa sahani kwa pindo la kitenge. "Hii sahani si ya shirika."